Konekshen za kazi ya utalii Arusha, asiye na ndugu ndani anaanzia wapi?

guide_mpya: Wakuu habari za jioni. Nimemaliza kozi ya uongozaji watalii, nipo Sakina, kila ofisi napeleka CV naambiwa tutakupigia. Wanasema ni kujuana tu, sasa mi nijuane na nani?

mama_njiro: Pole mdogo wangu. Nenda KiliFair, yale maonyesho ya utalii ya mwezi wa 6, pale mabosi wanakaa kwenye mabanda yao wenyewe, ila usianze na kuomba kazi, muulize wageni wake anawapeleka wapi zaidi, Tarangire au Serengeti, msikilize, chukua namba halafu jioni ileile mtumie meseji umkumbushe mlichoongea maana kesho ashaonana na watu kibao.

dereva_wa_porini: Na madereva usiwapite. Hai sizoni, yaani msimu wa wageni wengi, gari zikizidi waongozaji bosi anatuuliza sisi, "hamna kijana wa kueleweka?"

moshi_mjini: LinkedIn nayo jamani! Weka picha ukiwa na darubini, andika kuhusu ndege unaowajua vizuri, maajenti wa nje wanasoma. Mi ajenti mmoja wa Ujerumani alinipata hivyohivyo.

guide_mpya: Asanteni sana. Bizinesi kadi nichapishe?

mama_njiro: Chapisha, namba ya WhatsApp iwe kubwa.