Kikundi cha Ukoo: Maandalizi ya Mahafali ya Malimbe

Shangazi (Katibu): Tumsifu Yesu Kristu, wapendwa wa ukoo. Kama mnavyofahamu, binti yetu amemaliza Shahada ya Sanaa na Elimu katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe, Mwanza, na mahafali yanakaribia. Kamati ilipendekeza tukodi ukumbi hapa Sengerema mjini, tuchinje ng'ombe na tushone sare za vitenge. Leo nimezungumza naye kwa simu kwa kirefu, nami nimeona ni vema ayaeleze mwenyewe aliyoniambia, kabla hatujachangishana hata shilingi moja.

Binti: Milele amina, Shangazi. Shikamooni wazee wangu wote. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ulinilipia sehemu ya ada, na sehemu iliyobaki ilikuwa ikilipwa na nyumbani mpaka muhula wa mwisho, Baba alipolazwa, ambapo fedha zote zilikwenda hospitali. Nimezunguka na fomu yangu ya kumaliza chuo. Maktaba wamesaini, idara wamesaini, hosteli wamesaini, na nafasi iliyobaki wazi ni ya ofisi ya uhasibu peke yake. Salio ni shilingi 480,000. Likilipwa, jina langu litaingia kwenye orodha ya wahitimu na nitapewa joho. Nilikuwa nikijaribu kulipunguza kwa kufundisha masomo ya jioni watoto wa majirani hapa Sweya, lakini siku zimebaki chache.

Mama Mdogo: Pole sana mwanangu. Umebeba mzigo huo kimya kimya, na sisi huku tunachagua rangi ya vitenge!

Baba Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Naomba ndugu zangu mnisikilize. Sisi tuliokulia ng'ambo hii ya ziwa tunakumbuka Nyegezi, jirani na Malimbe, ilivyokuwa. Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha pale kituo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, na kwa miaka mingi kilijulikana kwa kutoa waandishi wa habari na wahasibu, hadi mwaka 1998 Baraza la Maaskofu Katoliki lilipokifanya kuwa chuo kikuu hiki alichosoma binti. Tangu hapo kimezaa vyuo Iringa, Moshi, Mtwara na Tabora, na vya Iringa na Moshi leo ni vyuo vikuu vinavyojitegemea. Nayasema haya kwa sababu kaka yangu marehemu alitamani sana kusoma pale, akarudishwa nyumbani na ukosefu wa karo, akalima pamba mpaka alipofariki. Mtoto wa mdogo wake amefika mahali ambapo yeye hakufika, naye amezuiwa na saini moja. Ukumbi utusubiri. Ada ilipwe kwanza.

Mjomba: Shikamoo, kaka. Nakuheshimu na nakubali ada ilipwe, lakini naomba tusiifute sherehe kabisa. Ukoo wetu umealikwa katika mahafali ya majirani mwaka hadi mwaka, tumekula na tumetunzana, na binti huyu ni wa kwanza kwetu kupata shahada. Nikikaa kimya siku hiyo, wataniuliza kama tunamwonea aibu. Pia mtoto mwenyewe anastahili kushangiliwa na watu wake, wala si kupokea risiti ya benki tu.

Shangazi (Katibu): Hoja ya Mjomba ni ya kweli, nami siipuuzi. Hata hivyo tukumbuke kwamba ajira za ualimu zina foleni ndefu, na binti atahitaji nauli ya kwenda kwenye usaili na kodi ya chumba kabla ya mshahara wowote, na huo mshahara ukipatikana utakatwa asilimia 15 kurejesha mkopo. Ng'ombe mmoja ni kodi ya miezi mingapi? Napendekeza mchango ubaki uleule wa shilingi 30,000 kwa kila kaya, tulipe salio, na kitakachozidi kimpeleke Bibi Malimbe na kumsaidia binti kuanza maisha. Shukrani tuitoe parokiani, Jumapili inayofuata, halafu tule pilau nyumbani kwa Baba Mkubwa.

Mjomba: Ikiwa kuna Misa na pilau, sina pingamizi. Mchele nitautoa mimi, gunia zima.

Kaka (Mwanza): Shikamooni. Kwa kuwa nilihitimu palepale, naomba niseme machache kuhusu siku yenyewe. Wahitimu ni wengi sana siku hizi, na wa programu moja husimama pamoja wakatunukiwa kwa tamko moja, kisha wote wanavaa kofia kwa wakati mmoja. Msitegemee kusikia jina la mtoto wetu likitajwa peke yake. Binti atuambie mapema atakaa upande gani, ili Bibi aelekezwe macho pale na asije akaumia moyoni kwamba alisafiri bila kumwona. Vyumba vya wageni kuanzia Nyegezi hadi Malimbe hujaa upesi na bei hupanda, kwa hiyo Bibi alale kwangu Mkolani. Desemba ni mvua, basi mwamvuli na viatu visivyoteleza ni vya lazima.

Mama Mdogo: Bibi yuko hapa pembeni yangu, ameniomba niandike kama anavyosema. Anauliza kama bado mtavuka kwa kivuko, kwa sababu hataki kukaa juani Busisi kama alivyokaa siku ya mazishi ya dada yake.

Kaka (Mwanza): Mwambie Bibi kwamba kivuko hakimhusu tena. Tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, takribani kilomita tatu juu ya maji. Nitamfuata mwenyewe Ijumaa mchana.

Mama Mdogo: Amecheka, anasema uendeshe polepole darajani kwa sababu anataka kuangalia. Anasema pia kwamba fedha aliyopata kwa kuuza mihogo ataitoa yote kwenye ada, na mtu yeyote asimwambie hapana. Nimejaribu kumshawishi abakize ya dawa, amekataa katakata.

Baba Mkubwa: Dawa za Mama nitazinunua mimi. Mwacheni atoe, ni mjukuu wake.

Binti: Bibi, shikamoo. Nimesoma maneno yako na kuyarudia. Nakuahidi kwamba joho nitakalokabidhiwa utalivaa wewe kwanza tupige picha, kabla sijalirudisha.

Shangazi (Katibu): Basi tumekubaliana. Michango itumwe kwa Mama Mdogo kabla ya Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi Kaka alipe benki, ampelekee binti stakabadhi mkononi, na binti aende nayo uhasibu siku hiyohiyo. Akishasainiwa, atuwekee hapa picha ya fomu.

Mjomba: Yangu imeshatumwa.