Nimebakiza miruko michache nipate leseni A ya parachuti, kazi ya mlima imenikatisha. Nirudi Diani sasa au nisubiri?

Kijana_wa_Kibosho (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kujifunza kuruka na parachuti, hasa mtu wa huku kwetu kaskazini.

Kazi yangu ni ya mlimani, nasaidia kuongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Marangu na Machame. Mwaka huu nilianza kozi ya kuruka kule Diani, pwani ya Kenya. Hatua za kushikwa na walimu nimezimaliza. Mruko wa kwanza walikuwa wawili, mmoja kila upande, baadaye akabaki mmoja, kisha nikatoka mlangoni peke yangu mwalimu akinifuata kwa macho tu. Nikaanza ile miruko ya chini, futi 5,500, ambapo ukitoka unafungua papo hapo. Hapo msimu ukaanza na kampuni ikaniita. Tangu Juni napanda, nashuka, nalala nyumbani kidogo, napanda tena. Sasa Oktoba inaisha na ndiyo kwanza napata nafasi.

Shida yangu ni hofu. Wakati wa kozi sikuogopa hivi, kwa sababu kila asubuhi niliamkia kwenye jambo lenyewe. Sasa naogopa kuliko siku ya kwanza. Nikiwa kambi ya Horombo usiku, wageni wamelala, nawaza kwamba ndege ilikuwa inatufungulia mlango karibu na kimo kile kile, mita 3,700 hivi juu ya bahari. Mlimani tunafika pale siku ya pili jioni. Kwa ndege ni kama dakika ishirini, na kurudi chini mpaka kwenye futi 5,500 za kufungulia ni sekunde kama arobaini. Nikifikiria hizo sekunde, viganja vinatoka jasho.

Je, nitaambiwa nianze upya? Na hapa Moshi pasipo na ndege wala mwalimu nifanye nini ili mwili usisahau? Jambo jingine, sijui kuogelea, na kule bahari iko pale pale. Mama naye hajui chochote, anadhani nilikwenda pwani kwa kazi ya hoteli.

---

Mstaafu_Monduli

Kijana, mimi nimeruka jeshini enzi hizo, sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe. Kuruka kwetu hakukufanana na kwako. Tulitoka futi elfu moja hivi, parachuti ya duara, na kamba iliyofungwa kwenye ndege ndiyo inayokufungulia. Hakuna nafasi ya kuanguka wala ya kuwaza, na parachuti ya duara haikubembelezi chini. Ndiyo maana tulifundishwa kutua kabla ya kitu kingine chochote.

Hilo unaweza kulifanya hapo Kibosho kesho asubuhi. Tafuta udongo uliolimwa karibuni, simama juu ya kitu kifupi cha kimo cha goti, uruke. Miguu imebanwa pamoja, magoti yamelegea, kidevu kifuani, viwiko ndani. Anza na nyayo, kisha shavu la mguu, paja, tako, halafu mgongo upande wa pili, uviringike. Kushoto, kulia, mbele, nyuma. Parachuti yako ya mstatili hutua polepole ukivuta breki kwa wakati, lakini siku upepo ukigeuka ghafla au ukiangukia nje ya uwanja, mwili lazima uwe tayari unajua la kufanya.

Kuhusu hofu, sikumbuki askari aliyeacha kuogopa mlangoni. Waliokuwa na mazoezi ya kutosha walitoka nayo.

---

Fundi_Mahema_Arusha

Mdogo wangu wa Kibosho, karibu. Mimi nina leseni A na niliipata kwa njia hiyo hiyo yako, kwa vipande, kwa sababu nashona mahema na mabegi ya kampuni za utalii hapa mjini na msimu ukianza hakuna kulala. Naandika kwa urefu kwa sababu swali lako ndilo lililowatoa wengi wa huku katika mchezo huu. Si woga uliowatoa, ni kukatika.

Huanzi upya. Kwa taratibu za USPA, chama cha warukaji cha Marekani ambacho ndicho kinachotoa leseni hiyo, mwanafunzi aliyekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka hurudi kwanza chini ya macho ya mwalimu kwa mruko mmoja au zaidi, kwenye hatua aliyokuwa nayo. Miruko uliyokwisha andikiwa kwenye daftari ni yako, inahesabika kwenye ile 25 ya leseni. Hata ukishapata leseni A, ukipitisha siku 60 unatakiwa urudi kwa mwalimu kwanza. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya basi mpigie mwalimu wako, mwambie wazi mara ya mwisho ulikuwa lini na hofu ikoje. Atakupangia siku ya kukaa naye chini kwanza.

Sasa hiyo hofu. Mimi naamini mikono yako ndiyo iliyosahau, na kichwa kinajua kwamba imesahau. Ulipokuwa Diani ulirudia hatua za dharura kila siku mpaka hukuzifikiria tena. Miezi hii imekuwa kwenye vigogo vya njia, mizigo na wageni wenye kichefuchefu. Kichwa kinakupa onyo la haki kabisa, nawe lijibu kwa mikono.

Mimi nilijishonea mkanda wa mazoezi kwa mabaki ya mikanda ya mabegi: wa mabegani, wa kifua, wa mapaja. Kulia nikaweka kishikio chekundu cha kitambaa chenye velkro, kushoto kishikio cha chuma. Kila jioni kabla ya kufunga duka nilikuwa nauvaa. Najiambia kwa sauti: "Tazama nyekundu, shika. Tazama chuma. Vuta nyekundu mpaka mwisho. Vuta chuma mpaka mwisho." Chekundu kinaiachia parachuti kubwa yenye hitilafu, cha chuma kinafungua ya akiba, na mpangilio huo haugeuzwi. Fanya umesimama, fanya umening'inia kwenye tawi la mparachichi, fanya umefumba macho baada ya siku ya kazi nzito.

Pamoja na mikono, rudisha namba mdomoni. Hatua zako za kushikwa ulifungua futi 5,500. Ukifika 2,500 uwe umeshaamua, parachuti ni nzuri au unaiachia, hakuna "ngoja kidogo" chini ya hapo. Ikishafunguka unaiuliza maswali matatu: ni ya mstatili? Inageuka nikivuta? Inapunguza mwendo nikivuta breki zote mbili? Kamba zikijisokota hiyo bado si dharura. Tenganisha mikanda ya juu, ile inayokuunganisha na kamba, kwa nguvu, piga teke upande wa kujisokotoa, na macho yarudi kwenye altimeta, kipimo cha kimo, kila mara.

Mkao pia. Lala kifudifudi kitandani, nyonga ikandamize godoro, kifua na magoti vinyanyuke, miguu inyooke kidogo, pumua. Watu wa mlima tuna kasoro moja: tumezoea kuinama mbele na mzigo, kwa hiyo hewani tunakunja tumbo na kuanza kuyumba. Nyonga ikitangulia hewa inakushika vizuri, hata kwa kasi ya kilomita 190 kwa saa.

Halafu kuna kukunja parachuti, na hapa nisamehe nikinogewa, maana kitambaa ndiyo maisha yangu. Ile nailoni ya parachuti za siku hizi haipitishi hewa na ikiwa mpya inateleza mno, ukidhani umeitoa hewa yote inajaa tena mbele yako. Lala juu yake polepole, kifua kwanza, usiibonde. Kuna kitambaa kidogo cha mraba chenye matundu manne, kamba zote hupita humo. Wakati wa kukunja lazima kipandishwe juu kabisa mpaka kiguse vizuizi vyake. Parachuti ikianza kufunguka, hewa inakizuia kushuka, kinateremka kwenye kamba kidogo kidogo, nayo parachuti inatanuka kwa sekunde chache badala ya kupasuka wazi mara moja. Bila kitambaa hicho, kwa kasi ile, kamba zingekatika au mwili wako ungevunjika. Mimi nimeshona mahema ya kila aina na sijaona kipande cha kitambaa chenye akili kama kile. Kukunja ni sharti la leseni, na ukijua mwenyewe humlipi mtu kila ukitua.

Kwa yaliyobaki: kamilisha 25, ruka na wenzako miruko isiyopungua mitano, tua ndani ya mita 20 za alama mara tano, mtihani wa kuandika, na mruko wa mwisho wa kupimwa. Hiyo mita 20 ndiyo inayokula muda, na hailazimishwi. Inakuja ukiruka siku zinazofuatana, kwa sababu unakumbuka jana ulipinda wapi na upepo ulikupeleka wapi.

Ndiyo maana nakusihi uende sasa. Upepo wa kusi umelegea, wa kaskazi bado haujakaza, bahari iko kwenye matlai, utulivu wa kati ya pepo hizo mbili. Mwanafunzi haruhusiwi kuruka upepo ukizidi maili 14 kwa saa, yaani kama kilomita 22. Wenzetu wengi hungoja mlima utulie Aprili ndipo waende, wanakuta masika iko pwani pia, wanakaa chini ya turubai wakitazama mawingu mpaka hela inaisha. Mvua za vuli zipo, lakini mara nyingi zinakuachia asubuhi. Omba uwe kwenye ndege ya kwanza, kabla upepo wa bahari haujapata nguvu.

---

MamaKiborloni

Mwanangu, mimi sijui parachuti. Nina mtoto anayepanda nguzo za umeme, kwa hiyo nakuandikia kama mama.

Mwambie mama yako. Usimwambie kwa simu ukiwa kule, mwambie ukiwa umekaa naye jikoni. Mama hataki kuambiwa "ni salama". Anataka kujua nani atampigia kama kuna neno, hospitali ipi, nani anakulipia matibabu, na kama kuna kitu cha pili kikishindwa cha kwanza. Mpe namba ya mwalimu wako. Mimi ya msimamizi wa mwanangu ninayo na sijawahi kuipiga, lakini ninayo.

---

Kijana_wa_Kibosho

Shikamoo mzee wa Monduli. Shikamoo mama. Dada fundi, shikamoo pia, nimesoma jibu lako mara nyingi leo nikiwa kwenye daladala.

Mwalimu nimempigia. Kasema kama ulivyosema: siku nzima ya darasa, mruko mmoja naye, kisha tunaendelea nilipoishia. Mama nitamwambia Jumapili baada ya ibada. Nimejaribu kutua kwenye shamba la kahawa lililopaliliwa juzi, bega limechubuka kidogo ila upande wa kushoto sasa unakubali.

Dada, suala la bahari bado linanisumbua. Na kile kifaa kinachofungua akiba chenyewe, naweza kumweleza mama kwamba kipo hata nikizimia?

---

Fundi_Mahema_Arusha

Marahaba. Mwambie ndiyo, kipo, na mwanafunzi haruhusiwi kupanda ndege bila hicho. Ukiwa bado unaanguka kwa kasi kubwa karibu futi 750, chenyewe kinakata uzi na akiba inatoka. Lakini wewe jizoeze kana kwamba hakipo.

Kuhusu maji, utavaa jaketi la kuokolea, uliza namna ya kulijaza na ulijaribu kwa mikono kabla ya kupanda ndege. Ukiona utaangukia majini, legeza mkanda wa kifua mapema ukiwa bado juu, tazama upepo unatoka wapi, vuta breki kama kawaida, jaza pumzi kabla ya kugusa. Usijifungue ungali hewani, macho hudanganywa na maji, unadhani umefika kumbe bado uko juu sana. Ukishaingia ndipo utoke kwenye mikanda na uogelee mbali na kitambaa na kamba, kinyume na upepo. Na ujifunze kuogelea, mdogo wangu. Moshi kuna mabwawa ya hoteli yanayopokea watu wa nje. Kuelea chali na kupiga miguu ni mambo ya wiki chache, anza hata kabla hujasafiri. Ukifika Diani muulize mwalimu saa za maji kujaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, maana ufuko wa kutua uliouona asubuhi unakuwa mwembamba jioni.

Njiani mimi siku hizi napita Tanga na Horohoro, natokea Lunga Lunga, nafika Ukunda bila kuvuka kivuko cha Likoni. Ukipita Holili na Taveta ni sawa pia.

Jumamosi njoo dukani Arusha, mkanda wa mazoezi nitakushonea kwa kipimo chako, hulipi. Nina parachuti kuukuu iliyostaafishwa, tutaitandaza ukumbini kwa jirani ukunje mpaka uchoke. Vaa suruali usiyoijali, na kata kucha.

---

Kijana_wa_Kibosho

Nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi. Nije na kamba yoyote au zipo?

---

Fundi_Mahema_Arusha

Zipo. Njoo na daftari lako la miruko, nataka kuona mwalimu aliandika nini kwenye kutua kwako.