Flower of Evil: mliomaliza hii tamthilia mliukubalije ule mwisho?

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa "ni maigizo tu". Kama hujaimaliza ishia hapa hapa, maana natoboa kila kitu.

Kwa wasioijua: ni tamthilia ya Korea Kusini, ilirushwa na kituo cha tvN mwaka 2020, episodi 16. Lee Joon-gi ni fundi chuma, mume mpole, baba wa Eun-ha. Mkewe Cha Ji-won (Moon Chae-won) ni mpelelezi wa polisi. Mume anajulikana kama Baek Hee-sung, kumbe jina si lake wala wazazi si wake. Yeye ni Do Hyun-soo, mtoto wa muuaji, anayetafutwa kwa mauaji ya miaka 18 nyuma. Na anayekuja kumsaka ni huyo huyo anayelala naye kitanda kimoja!

Mwanzoni walitukamata vibaya mno. Jamaa hajui kuonyesha hisia, anajifunza kutabasamu kwa kuangalia video na kuziigiza mbele ya kioo. Mwandishi wa habari Moo-jin akamtambua, akaishia kufungwa kamba chini ya karakana, na hapo juu mke mpelelezi anaingia na kutoka kwake kama kawaida. Halafu Ji-won anaanza kujua kidogo kidogo. Anamtazama mumewe akila, anajiuliza huyu nimeolewa naye ni nani. Yule dada aliigiza kwa macho tu, na tuzo ya Baeksang aliyopewa mwongozaji Kim Cheol-kyu mwaka 2021 siipingi hata kidogo.

Hata mambo ya ajabu niliyameza. Baek Hee-sung halisi, mwenye jina lake, kalala bila fahamu miaka 15, anaamka, muda si mrefu anatembea na kuua watu kama katoka mazoezini. Sawa, nikasema tamthilia hiyo, tusonge.

Ila episodi ya mwisho, hapana! Hyun-soo anapigwa risasi ya kichwa akimkinga mkewe, anapona, na amesahau. Hamkumbuki mke. Miaka yote waliyoishi pamoja imefutika. Jamani! Wakorea walikuwa wanapoteza watu kumbukumbu tangu tamthilia ya Winter Sonata ya 2002, mpaka leo hawajachoka?

Na msinijibu kwamba wamerudiana mwishoni, nimeona. Kinachoniuma ni kwamba huyu mwanaume alimdanganya mkewe jina, ukoo, kila kitu. Alikuwa na deni. Ji-won alistahili kukaa naye mezani, amuulize lolote analotaka, kisha aamue mwenyewe kusamehe au kufungasha. Sisi wote tuliisubiri hiyo siku. Badala yake mdaiwa kapewa ugonjwa wa kusahau, na mdai ndiye anageuka muuguzi, anambembeleza mtu asiyemjua ampende upya. Kosa la mume limefutwa kimya kimya, na sisi tunapigiwa muziki laini tulie.

Tena kulia tulishalia! Siku ile Hyun-soo alipobomoka mbele ya mkewe, mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba hana moyo, analia mpaka anashindwa kupumua. Jibu la swali la tamthilia nzima lilishatolewa pale. Sasa ya nini kumrudisha sifuri aanze tena kujiuliza kama anampenda?

Mtoto Eun-ha naye wamemdhulumu. Baba ndiye alikuwa kila kitu chake, halafu anafichwa asijue kilichotokea.

Wale wa "mwisho mtamu" najua mpo wengi humu. Njooni mnieleze hili moja tu: Ji-won alimsamehe nani, ikiwa aliyemkosea hakumbuki hata kosa lenyewe?