Mjadala: Kaunti igharamie mashindano ya mashua Lamu?

Karani wa Bajeti
Tamasha la utamaduni la Lamu linakaribia na swali ni lile lile. Kaunti itoe fedha kwa mashindano ya mashua, au iwaachie wenye hoteli na wafadhili? Mimi nasema iwaachie. Fedha ya umma iende kwenye magati na mashine za barafu visiwani, maana mvuvi ambaye samaki wake wanaoza hashibi kwa vigelegele. Na tusidanganyane: nusu ya manahodha wanaopigiwa makofi siku hiyo, mwaka mzima hawagusi tanga. Wanaenda kwa injini kama sisi sote.

Nahodha Mstaafu
Hayo ya barafu yaweke kando kwanza. Hili la injini umetutukana. Wewe umewahi kubisha? Namaanisha upepo unakujia usoni, mkondo unakurudisha nyuma, na unataka kugeuza. Mmoja anakimbiza kamba ya demani, ile ya kuvutia tanga, kuizungusha mbele ya mlingoti, wengine wanaisimamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, mpaka ivuke upande wa pili, na kijana yuko nje kabisa juu ya ubao, upande wa joshi, upepo unakotoka, mgongo unachapwa na maji. Tanga likishika upepo upande wa pili naye bado yuko kule nje, mashua imelala. Hilo halisomwi kwenye makaratasi ya bajeti.

Msemakweli Langoni
Ukirusha jiwe gizani ukasikia "aah", ujue limempata mtu. Nahodha, hakuna aliyekutaja.

Na injini ina kosa gani? Mama mjamzito wa Kizingitini, kule kisiwani Pate, utamleta Amu, yaani Lamu mjini, kwa tanga? Usubiri upepo ugeuke ndipo ajifungue? Watu wanaolilia tanga ni wale ambao hawana haraka ya kufika popote. Watalii, na wastaafu.

Nahodha Mstaafu
Wastaafu! Haya. Nani alimvusha babako kwenda Siyu kabla ya hizo injini kuja?

Msemakweli Langoni
Babangu alipanda punda.

Mtoto wa Matondoni
Babake alipanda punda kutoka Amu mpaka Siyu, baharini 😂 Mwacheni, hiyo ni rekodi.

Sasa nisikilizeni, mimi nimekulia kwenye bandari ya mafundi. Karani anadhani fedha ya mashindano inaishia kwenye zawadi. Mashua ya mashindano haifanani na ya kuvulia. Mwenyewe akitaka kushinda anaipandisha mchangani mapema, anaita fundi wa kalafati, pamba inashindiliwa upya kwenye nafasi za mbao, chini panapigwa msasa na kupakwa mafuta mpaka mkono unateleza. Tanga linashonwa upya. Huyo fundi wa tanga na huyo wa kalafati, kama si mashindano, nani anawaita? Wenye boti za faiba hawana haja ya kalafati. Kijana wa leo akiona fundi hana kazi, atajifunza ufundi gani?

Lakini hapo hapo nina langu. Zawadi inakwenda kwa mwenye mashua, na mara nyingi mwenye mashua hata haipandi. Vijana wa kwenye ubao wanapewa fulana.

Mwanabara
Fulana wanapewa, jaketi za kuokoa maisha hawapewi. Hilo ndilo linalonishangaza kila nikitazama picha. Watu wamejazana upande mmoja wa mashua, wengine wananing'inia nje, na sioni hata jaketi moja. Mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979 yaliua mabaharia 15 waliokuwa wakishindana, na hao walikuwa na vyombo vya kisasa. Kaunti ikitoa hata shilingi moja ya umma, iwe kwa sharti: hakuna jaketi, hakuna kushindana.

Nahodha Mstaafu
Mtu aliyejifunza kuogelea kwenye bwawa anatufundisha bahari. Fastnet ilikuwa dhoruba ya bahari kuu huko kati ya Uingereza na Ayalandi. Sisi tunazunguka maboya mbele ya gati la Amu, mji mzima umekaa ukutani unatazama. Ukianguka, mtu wa kwanza kukuokota ni yule unayeshindana naye, kisha anakucheka mpaka Maulidi.

Mwanabara
Mzee, kwa heshima zote, bahari haijui nani mpwani nani mbara.

Nahodha Mstaafu
Inajua. Sana.

Binti Pate
Subhanallah, mmeshafika kwenye kabila la maji. Mimi nauliza: hivi hao wavuvi tunaowashangilia, zile bilioni mbili zao za fidia ya bandari mpya walilipwa? Wajenzi wa bandari wamechimbua mkondo wakaharibu mazalia ya samaki, meli kubwa zikaja, halafu kila mwaka tunaletewa ngoma na bendera kwenye mashua ili tusahau. Tamasha la bahari katika mji ambao mvuvi aliwahi kupigwa marufuku asivue usiku kwa sababu za usalama! Nionyesheni mantiki.

Karani wa Bajeti
Dada, si bilioni mbili. Mahakama Kuu ya Malindi mwaka 2018 iliamuru bilioni 1.76 kwa wavuvi karibu 4,600. Gati la kwanza la bandari mpya likafunguliwa Mei 2021, na mvutano wa jinsi fidia itakavyolipwa ukaendelea, fedha taslimu kiasi gani na vifaa kiasi gani. Lakini hilo ni suala la serikali kuu na mradi wa LAPSSET, ule wa bandari na njia za uchukuzi kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, halihusiani na mashindano ya kaunti.

Na nyinyi mnaoniita karani kama tusi, karani ndiye anayejua hela imeenda wapi.

Binti Pate
Jina la karani umejipa mwenyewe, kaka.

Na linahusiana sana. Ukimnyang'anya mtu mahali pa kuvulia ukampa siku moja ya kushindana, umemfanya pambo.

Msomi wa Ukutani
Mapambo yote huanza hivyo. Hamburg, Ujerumani, kila Mei wanasherehekea kuzaliwa kwa bandari yao kwa sababu ya barua ya mfalme Barbarossa ya tarehe 7 Mei 1189. Wanahistoria walishasema barua hiyo ni ya kughushi. Sherehe ikasimama? Watu wanajaa vile vile. Kule Sète, Ufaransa, mji ulianzishwa mwaka 1666 kwa mashindano ya kusukumana kwa mikuki juu ya mashua, na mpaka leo wanaangushana majini kila Agosti. Hakuna anayewauliza kama mikuki hiyo inavulia samaki.

Sisi mtepe tuliuacha ukafa, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari. Baadaye ukatengenezwa mfano wake na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Unguja. Desemba 2020 sehemu ya jengo lenyewe ikaanguka. Nikichagua kati ya kuhifadhi chombo ndani ya jumba na kukihifadhi kwa kushindana nacho, nachagua mashindano. Kaunti itoe.

Msemakweli Langoni
Sète wanashindana kwa mikuki, na sisi tuanzishe ya injini. Mkondo wa Mkanda, ule mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakianza kutoka, anayepanda mchanga ametoka. Hapo ndipo utajua nani nahodha.

Mtoto wa Matondoni
Hiyo naiunga mkono 😂 Lakini usalama wa mashabiki je?

Nahodha Mstaafu
Kelele, moshi na mafuta majini. Mnaita utamaduni.

Mwanabara
Bado sijajibiwa kuhusu jaketi.

Mtoto wa Matondoni
Umejibiwa kwa matusi, lakini umejibiwa. Mimi naona una haki nusu. Jaketi nene huwezi kuvaa ukiwa juu ya ubao, unashindwa kuingia haraka ndani wakati wa kugeuza. Kuna zile nyembamba. Lakini tusijifanye hatari kubwa ni kuzama. Hatari ni foromali ikishuka vibaya. Hapo jaketi haikusaidii, kinachosaidia ni kamba mpya, na kamba mpya ni hela, Karani.

Halafu kuna la farumi, uzito wa kutuliza chombo, ambalo hamtaki kulisema. Mashua inaondoka na viroba vya mchanga kwa ajili ya uzito, upepo ukipungua katikati ya safari viroba vinamwagwa, chombo kinaruka. Wengine tunarudi na mchanga wetu wote kama wapumbavu.

Nahodha Mstaafu
Kumwaga farumi ni akili ya nahodha. Upepo ukirudi utajuta mwenyewe.

Mtoto wa Matondoni
Akili ya nahodha ikiwa imefanywa na watu wa Shela. Ikifanywa na Matondoni ni wizi.

Binti Pate
Na Pate je? Sisi hata kwenye wizi hatutajwi.

Karani wa Bajeti
Niliuliza kuhusu bajeti.

Nahodha Mstaafu
Basi weka kwenye bajeti mzani wa kupima viroba, kuondoka na kurudi, na mwamuzi asiyetoka Shela wala Matondoni.

Msemakweli Langoni
Mleteni Mwanabara awe mwamuzi. Jaketi anayo.