Tupeane uzoefu: tuliosoma Minsk, mji mkuu wa Belarus, wazee walituhadithia nini kuhusu wapiganaji wa msituni waliopambana na Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia?

Mwanzisha mada: Ndugu zangu, jana nimeona picha ya reli iliyolipuliwa Belarus mwaka 1943, nikamkumbuka mama aliyekuwa mlinzi wa bweni letu. Utotoni mwake, mchana Wajerumani walipita kijijini kuchukua ng'ombe na mayai, na usiku wapiganaji walishuka kutoka msituni wakitafuta chakula. Mama yake aliwaokea mikate usiku wa manane, akaipitishia dirisha la nyuma, kisha akahangaika kulipoza jiko kabla hapajapambazuka, kwa sababu askari wa doria walizoea kuweka kiganja juu ya matofali yake. Asubuhi moja walilikuta bado lina joto. Mama yule alimwonyesha askari mtoto wake, yaani huyu mlinzi wetu, akasema ana homa na alihitaji joto. Aliponisimulia hayo alikuwa akitetemeka.

Mdau wa Tanga: Ni kweli kabisa, dada. Mwenyeji wangu alisema vivyo hivyo.

Fundi Reli: Sisi wa reli tulihadithiwa habari za Konstantin Zaslonov, aliyerudi kufanya kazi katika karakana ya treni ya Orsha chini ya Wajerumani, huku kikundi chake kikitengeneza mabomu yaliyofanana na makaa ya mawe na kuyachanganya na makaa ya injini.

Mzee wa Moshi: Tusisifu upande mmoja tu. Machi 22, 1943, baada ya wapiganaji kushambulia msafara wa Wajerumani, wanakijiji wa Khatyn waliswagwa ghalani wakachomwa moto. Walikufa watu 149, wakiwemo watoto 75. Waliolipa ni wanakijiji.

Fundi Reli: Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Aliyewasha moto ndiye mwenye dhambi. Wayahudi wa Minsk walikuwa wakiuawa tangu 1941, nao hawakuwa wameshambulia msafara wowote. Katika msitu wa Naliboki, kundi la wapiganaji Wayahudi lililoongozwa na ndugu wa ukoo wa Bielski liliokoa Wayahudi wapatao 1,200.

Mzee wa Moshi: Marahaba. Sijamtetea mchomaji hata kidogo, nawalilia wale watoto.

Binti wa Minsk: Mmemsahau Yelena Mazanik! Alikuwa mtumishi nyumbani kwa Wilhelm Kube, kamishna mkuu wa Wajerumani, akatega bomu kitandani mwake, na Kube akafa usiku wa Septemba 22, 1943.

Mdau wa Tanga: Subhanallah! Alitorokaje?

Mwanafunzi wa sasa: Nami nataka kujua. Pia naomba ushauri: niende lini kwenye eneo la kumbukumbu la Khatyn?

Mwanzisha mada: Nenda majira ya baridi, uzisikie vizuri kengele zinazolia kila baada ya sekunde 30.

Fundi Reli: Usimsikilize, mdogo wangu, utaganda. Nenda Julai.

Binti wa Minsk: Mazanik aliondoka mjini pamoja na dada yake wakaingia msituni kwa wapiganaji. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuua wakazi wengi wa Minsk. Baada ya vita alisoma, akawa naibu mkurugenzi wa maktaba ya Akademia ya Sayansi huko huko Minsk, na alifariki mwaka 1996.