Tishu na toilet pepa zinamaliza hela ya matumizi, naombeni ushauri

Mama wa Igoma
Mwangaluka wapendwa. Nyumbani tuko sita. Wiki iliyopita niliandika kwenye daftari kila shilingi iliyotoka, nikashtuka. Toilet pepa roli nne kwa wiki, 700 kila moja. Tishu za jikoni roli mbili, 2,500 kila moja. Jumla 7,800 kwa wiki, mwezi unapita 31,000. Nilijaribu bunda la bei rahisi, nikajuta: ukiiminya roli inabonyea yote, na ile boksi ya katikati mkono wa mtoto unapita. Nipunguzeje bila nyumba kuwa chafu?

Fundi cherehani, Kirumba
Dada, rudi kwenye daftari lako. Choo kinakula 2,800, jiko linakula 5,000. Kwa hiyo usianzie chooni. Hizo tishu za jikoni unafanyia nini hasa?

Mama wa Igoma
Nakaushia samaki kabla ya kukaanga, nikiwaopoa nawalaza juu yake zinyonye mafuta. Kufuta meza, na watoto kufutia mikono.

Fundi cherehani, Kirumba
Basi hapo ndipo pa kuziba. Sato akitoka kwenye mafuta usimlaze kwenye tishu. Inang'ang'ania ngozi, ukibandua inatoka na ule ukoko mzuri, na upande wa chini unalainika kwa mvuke. Weka chujio la bati juu ya sufuria, msimamishe humo mgongo juu. Mafuta yanadondoka chini, kesho unayatumia.
Kwa kufutia, nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja utafute fulana za pamba zilizochakaa, zile ambazo hata muuzaji hazitaki tena. Kabla hujalipa, dondoshea tone la maji. Likizama papo hapo, chukua. Likikaa juu linateleza, hiyo ni polista, itakusambazia maji mezani tu. Kata vipande vya kiganja viwili, pinda kingo zisichanike nyuzi. Khanga iliyofuliwa miaka mingi nayo inanyonya vizuri sana. Kitenge kipya hapana.

Muuguzi mstaafu
Nakubaliana na fundi, lakini nina wasiwasi na kitambaa cha samaki mbichi. Mwanangu, kitambaa hicho kisikutane kabisa na cha meza wala cha mikono ya watoto. Kipe rangi yake, chekundu kwa mfano, na kila mtu nyumbani ajue. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi kwanza, maana maji ya moto yanagandisha damu na utelezi. Kisha sabuni, kisha chemsha, anika juani. Shombo likibaki, loweka kwenye maji ya ndimu. Na ukiona huna nafasi ya kuchemsha siku hiyo, tumia tishu kwa samaki mbichi tu, wala usijisikie vibaya.

Baba wa Mabatini
Upande wa choo: maji kwanza, karatasi ya kukaushia tu. Vipande vitatu vinatosha. Sisi huku milimani maji ni ya mgao, kwa hiyo ndoo yenye mfuniko na kopo havikosekani chooni. Ukinunua bunda usihesabu roli, soma kwenye karatasi ya nje kila roli ina vipande vingapi.

Binti wa Nyegezi
Na wageni je? Mimi siku ya kikoba serviti zilikuwa zinaniishia pakiti nzima.

Muuguzi mstaafu
Birika, beseni, sabuni, na taulo dogo kwa kila mgeni. Mama zetu walinawisha watu hivyo hivyo.

Mama wa Igoma
Asanteni sana, nimesoma yote. Jana nimekaanga sato wanne kwenye chujio, mafuta yamerudi karibu nusu kikombe na ngozi imebaki kavu. Khanga ya zamani imetoa vitambaa kumi na viwili. Fundi, hizo kingo naweza kuzipinda kwa mkono au lazima cherehani?

Fundi cherehani, Kirumba
Kwa mkono inatosha, dada. Pinda mara mbili ndiyo ushone.