Naomba ushauri: kuongeza nyuzinyuzi bila tumbo kujaa gesi

Wakuu, baba amekutwa na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 56. Mimi nina 39, na hofu ninayo, sifichi. Daktari alinieleza kuwa bakteria wa tumboni huchachusha nyuzinyuzi na kutoa butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za ukuta wa utumbo. Soseji nimeacha kabisa. Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama za kusindika kwenye visababishi vya saratani mwaka 2015. Shida ni maharage: nikila bakuli moja tu, tumbo linaunguruma na kujaa gesi, nageuka kitandani hadi alfajiri. Mliozoea, mlianza na kiasi gani? Ilichukua wiki ngapi tumbo kutulia? Kipimo cha kamera nimeshapangiwa nikifika 40.